Mvua Tatu za Mavi ya Chuma

2 Juni. Jua kali, upepo hakuna.

Daftari hili ni la zamu, limebaki tupu nikaomba nilichukue. Miaka thelathini na nne nimeandika kila siku kilichotoka tanuruni, kimemwagwa lundo gani, saa ngapi. Mwisho wa Septemba nastaafu na mkono haujui kukaa bure, basi nitaandika ya nyumba.

Nyumba iko nje ya mji, njia ya kwenda mto Brahmani. Kuta zimesimama, paa limefunikwa, bado sakafu. Siku nitakayostaafu kampuni inachukua kota yake tunamoishi. Mwenye nyumba anahamia kwake, asiye nayo anarudi kijijini kuwa mgeni wa ndugu zake. Sisi kila tulichojaliwa kimo ndani ya nyumba hiyo, hatuna kingine.

Kuntala, mke wangu, anasema nimemjengea nyumba ya mavi. Haongopi. Saruji niliyotumia nusu yake ni mavi ya chuma, yale makapi ya tanuruni, yaliyosagwa, matofali ni hayo hayo, kokoto za zege ni hayo hayo.

"Wenzangu wakiniuliza nimeolewa na nani niseme nini? Bwana Mavi?"

"Sema Bidyadhar Behera, msimamizi wa jaa."

"Si ndiyo hiyo hiyo."

7 Juni. Joto. Mawingu ya uongo jioni.

Leo nimemfundisha kazi mkandarasi mmoja aliyekuja jaani na lori. Alidhani mavi yote ni mamoja. Nikamwambia kuna ya tanuru la chuma ghafi, ambayo tunayamwagia maji yakiwa moto yanakuwa mchanga, hayo yanakwenda kiwanda cha saruji na hayana ubishi. Kuna na ya tanuru la chuma cha pua, meusi, mazito, yenye chokaa iliyoungua ikajificha ndani. Hayo ukiyatumia mabichi, chokaa ikionja maji inavimba, na ikivimba inainua chochote kilicho juu yake. Dawa yake ni kuyaacha nje yanyeshewe. Mvua tatu, yaani misimu mitatu mizima, ndipo unayachukua.

"Mvua tatu!" akasema. "Mzee, mie nina barabara ya kumaliza mwezi huu."

"Basi kamwage mchanga wa mto."

Sushanti Tirkey, mhandisi wa maabara, alikuwa anasikiliza. Binti mdogo, hata thelathini hajafika. Akasema, "Baba Behera, mvua tatu ni makadirio tu. Yafaa kupima kila lundo." Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa nikipima malundo kabla mama yake hajaolewa. Alicheka. Watoto wa vyuo, wakipewa mashine ya kupimia wanadhani wamepewa macho.

11 Juni.

Pandita, kuhani wetu, amekuja kutazama siku ya kuingia nyumba. Ya mwisho yenye heri ni tarehe 2 Julai. Baada ya hapo miungu inalala miezi minne na hakuna anayeingia nyumba mpya hadi Novemba, nasi kota inatutoka Septemba. Kuntala hatakubali kuingia siku isiyo na heri, na kusema kweli hata mimi sikubali.

Fundi wetu, Khageswar, amepiga hesabu ya siku kwa vidole. Kifusi chini ya sakafu kiwe kimejaa na kushindiliwa tarehe 16, zege limwagwe 18, likauke wiki mbili. "Inawezekana, kaka," akasema, "ila usinipotezee hata siku moja."

13 Juni. Mawingu ya kweli.

Siku moja imepotea, na zaidi.

Kifusi nilishakichagua tangu mwaka juzi: lundo la nne, lililonyeshewa mvua nne, nimeliangalia kama mtu anavyoangalia ng'ombe wake. Shida yake, kwa kunyeshewa huko limeganda kama jiwe, halichukuliki bila sururu. Lori lililokuwa lije leo limeharibika. Na kesho inaanza sikukuu ya Raja.

Siku tatu za Raja Mama Ardhi yuko katika siku zake, amepumzika. Halimwi, hachimbwi, wanawake hawakanyagi chini peku. Nikamwambia Kuntala kwamba mavi ya chuma si ardhi, yametoka motoni, sururu kule jaani haimgusi mtu.

"Lundo limekaa juu ya nini?" akaniuliza.

"Juu ya ardhi."

"Basi sururu haitashuka juu yake. Miaka thelathini sijakukataza kitu cha kazi yako. Hiki nakukataza."

14 Juni. Raja. Mvua ya kwanza, saa tisa alasiri, robo saa tu.

Wasichana wanabembea kwenye kamba kila mti. Kuntala ameoka mkate wa mchele, umeungua chini inavyotakiwa.

Nimepata njia, na lori limetengenezwa. Lundo la saba ni la mwezi uliopita, bado tifutifu, linachoteka kwa karai bila hata ncha ya chuma kugusa chini. Hakuna kuchimba, hakuna dhambi, na kazi haisimami. Ni bichi, najua. Lakini ni kifusi tu, si kokoto ya nguzo. Juu yake kuna zege nene na paa, mvua itayaonea wapi? Mavi yanayovimba ni yale yaliyolala barabarani, maji yanapita juu na chini. Nimeliwaza hili asubuhi yote na sioni tatizo.

16 Juni. Mvua.

Kifusi kimejaa vyumba vyote vinne na chumba cha miungu. Karai kwa karai, siku tatu. Khageswar alichukua donge moja akaligeuzageuza mkononi, akanitazama.

"Nini?" nikamwambia. "Chapa kazi."

Akachapa kazi.

18 Juni. Zege limemwagwa.

19 Juni. Mvua kutwa. Zege limependeza.

2 Julai. Mvua ya asubuhi, kisha jua.

Tumeingia. Maziwa yalichemka yakamwagikia upande wa mashariki kama inavyotakiwa, Kuntala akalia, nami nikajifanya moshi umeniingia. Sushanti alikuja na sanduku la vitumbua vya jibini. Alipiga sakafu kwa kisigino.

"Lundo la nne?" akauliza.

"La nne," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema hivyo. Ilikuwa siku ya furaha.

Khageswar alivalishwa shada la maua kama desturi. Alicheka akamwambia Kuntala, "Shemeji, ukiona ufa humu niite, nitakuja hata nikiwa nakula." Tutaendelea kulala kota hadi mwisho, nikimaliza zamu zangu, ila taa ya miungu Kuntala anakwenda kuiwasha kule kila siku.

9 Julai. Mvua.

10 Julai. Mvua. Mto umepanda.

14 Julai. Mvua. Mlango wa chumba cha miungu unasugua chini. Mbao zimelowa.

19 Julai. Mvua siku ya sita mfululizo. Kiwanja nyuma ya nyumba kimejaa maji hadi kwenye msingi.

Nimekata mlango wa chumba cha miungu chini, unene wa kidole. Sasa unafunguka vizuri.

23 Julai. Mvua. Mlango unasugua tena.

27 Julai. Manyunyu.

Leo sijisikii kuandika lakini nitaandika.

Asubuhi nimekuta ufa katikati ya sebule, toka ukuta hadi ukuta. Nikaweka pimamaji. Sakafu imeinuka katikati kama tumbo la mtu aliyeshiba. Vidoa vyeupe vimetokea juu ya zege, ukivigusa vinatoka unga. Nilikaa chini nikavitazama. Nilijua ni nini. Nitaandika ukweli kwenye daftari langu mwenyewe: nilijua, kisha nikasimama, nikatoka nje, nikaamua kutojua.

Khageswar alikuwa anajenga ukuta wa mwalimu mmoja, nyumba tatu kutoka kwetu. Mafundi wengine wanne walikuwepo, na mwenye nyumba, na watu waliojikinga mvua. Nikaokota kipande cha zege letu nikakivunja mbele yao.

"Saruji yangu umeipeleka wapi?"

Alidhani natania. "Kaka, saruji yako si umeila wewe na chai?"

"Nakuuliza, mwizi wewe. Mifuko yangu umempelekea nani? Sakafu haina miezi miwili imepasuka!"

Akashuka kwenye jukwaa polepole na mwiko mkononi. Aliangalia kipande kile, akaona weupe. Aliuona, nina hakika. Kisha akaniangalia muda mrefu.

"Miaka kumi na minane nimekujengea wewe na rafiki zako," akasema. "Sijakuibia hata kamba ya kufungia mfuko."

"Basi niambie imepasukaje!"

Hakusema. Angesema neno moja ningenyamaza, wote wangejua. Akarudi juu ya jukwaa. Mwalimu, mwenye ukuta, alianza kuhesabu mifuko yake.

28 Julai. Mvua.

2 Agosti. Mvua.

Nimesikia mwalimu amemsimamisha Khageswar. Nilijiambia labda kuna sababu nyingine.

6 Agosti. Mvua.

Kuta za ndani zimeanza. Nyufa zinapanda kutoka chini kama ngazi, tofali kwa tofali. Fremu ya dirisha la jikoni imepinda kioo kikapasuka chenyewe tukiwa tumesimama pale. Kuntala aliweka mkono mdomoni.

"Ni mimi," akasema. "Mama Ardhi hakupumzika. Nilikataza sururu, nikaruhusu makarai. Watu sita wakipanda na kushuka siku tatu juu ya mgongo wake."

"Acha upuuzi."

"Basi ni nini?"

"Khageswar kaiba saruji."

Anafunga kula siku mbili kwa wiki sasa, ili Mama Ardhi amsamehe. Namwona anavyokonda.

12 Agosti. Mvua nyepesi.

Sushanti amekuja mezani kwangu kuniuliza kama nyumba ni salama, habari zimefika. Akasema, "Niletee kipande, baba. Tunakiweka kwenye mvuke wenye presha, kwa saa tatu tutajua." Nikamwambia hakuna haja. Hakucheka safari hii. Nimekuwa nikimdharau binti huyu, na ndiye mtu pekee aliyeuliza swali sahihi siku ya kwanza.

15 Agosti. Sikukuu ya taifa. Mvua imekatika.

Kuntala alikwenda kuwasha taa. Nikachukua sufuria yake ya presha. Nikatia madonge mawili: moja la lundo la nne, jingine lililobaki pembeni ya nyumba yetu siku ile ya kifusi. Maji kidogo, jiko, saa tatu, nikiongeza maji kila baada ya muda.

Alirudi kabla sijamaliza. "Unapika nini?"

"Mawe."

Hakuuliza zaidi. Alikaa mlangoni akachambua mchele.

Nilipofungua, donge la lundo la nne lilikuwa zima, safi, ningeweza kulivunjia nazi. La pili lilikuwa uji wa kijivu na vipande vyeupe. Nilimwaga yote nje, nikasugua sufuria kwa majivu hadi ikang'aa. Haitoshi. Bado nanusa chokaa.

20 Agosti. Mvua.

Nimekwenda kwa mafundi wa sokoni. Kazi yenyewe: kuvunja sakafu yote, kutoa kifusi chote hadi chini, kusimamisha kuta kwa magogo wakati huo, kama zitakubali kusimama. Mkubwa wao alinisikiliza hadi mwisho.

"Kazi tunaiweza, mzee. Lakini kesho ukikuta ufa utasema tumekula saruji."

"Sitasema."

"Kwa Khageswar ulisema."

Wa pili na wa tatu walinijibu hayo hayo, kwa heshima zote, na mmoja aliniletea kiti.

28 Agosti. Nuakhai. Jua.

Sikukuu ya mpunga mpya. Tumekula punje za kwanza kota, sisi wawili, Kuntala ameelekea mashariki, mimi nimeelekea ukuta. Siku hii mdogo humwendea mkubwa, humwinamia na kumpa salamu ya juhar, na waliogombana humaliza. Hakuna mwenye kinyongo baada ya Nuakhai, ndivyo tulivyolelewa.

Saa nne asubuhi akaja Khageswar. Shati safi. Alivua viatu, akainama akanigusa miguu.

"Juhar, kaka. Kama nimekukosea, yaishe leo."

Kama amenikosea.

Maneno yalikuwa mdomoni. Nilikuwa nayo yote, nimeyapanga tangu siku ya sufuria. Kuntala alikuwa amesimama nyuma yangu na sahani ya vitumbua, na majirani wawili walikuwa barazani. Nikaweka mkono juu ya kichwa chake.

"Yaishe," nikasema.

Nilimsamehe. Mimi nilimsamehe yeye! Akala kitumbua kimoja, akamuuliza Kuntala afya yake, akaondoka. Kuntala akasema mtu mwizi mwenye adabu ile hajamwona. Nimekaa tangu wakati huo na daftari, na najichukia.

3 Septemba. Mvua.

8 Septemba. Mvua. Chumba cha miungu hakiingiliki tena. Kuntala anawasha taa kwenye kizingiti.

17 Septemba. Vishwakarma. Manyunyu.

Leo, siku ya mungu wa mafundi, zana za kila fundi zinaoshwa, zinapakwa rangi nyekundu, zinavalishwa maua, na hazishikwi kutwa. Kwa hiyo fundi yuko nyumbani. Nilijua nitamkuta. Nilitoka asubuhi kwenda kwake kwa miguu, njia nzima nikirudia: ni mavi yangu, yalikuwa mabichi, nilijua. Ningesema mbele ya mtaa mzima, kisha ningempeleka kwa mwalimu nikaseme na huko.

Zana zake zilikuwa juu ya kibao barazani. Mwiko, pimamaji, timazi, nyundo, vyote vimeoshwa, kila kimoja na ua lake. Mkewe Subasini alitoka.

"Khageswar yuko?"

"Amekwenda Kerala. Siku ya nne baada ya Nuakhai."

"Kujenga?"

"Kupakia mbao kwenye malori. Hapa nani atampa nyumba? Hata choo walimnyima." Alisema bila ukali, akiweka ua la pimamaji sawa. "Mwiko ameuacha. Anasema kule hauhitajiki."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nimesimama, mvua ikinidondokea shingoni. Alinisikiliza hadi mwisho na sikuona mshangao wowote usoni mwake.

"Alijua," akasema. "Siku ya Raja alirudi akaniambia, mavi yale bado yana joto mkononi. Nikamwambia mbona hukusema? Akasema, nimwambie nini mzee Bidya kuhusu mavi ya chuma? Ndiye anayeyajua."

"Na siku niliyomwita mwizi? Mbona hakusema siku hiyo?"

"Alisema ungekosa pa kuweka uso. Na karibu unastaafu."

Niliomba namba yake ya simu. Akaniambia nisipige leo, leo ni siku ya zana zake.

18 Septemba.

Nimepiga. Nilieleza. Kulikuwa na kelele za msumeno. Akasema, "Sawa, kaka. Shemeji anakula?" Nikasema nitakwenda kwa mwalimu, nitakwenda kwa kila mtu, arudi. Akasema amekwisha kusaini mwaka mmoja na wenye mbao. Akasema lazima akate, msimamizi anamwita.

Kwa mwalimu nilikwenda, nikasema yote. Ukuta wake umemalizwa na fundi mwingine. Alinikaribisha chai.

19 Septemba. Mvua kubwa.

Nimemwambia Kuntala. Nilimwambia si Mama Ardhi, si yeye, ni chokaa, ni mimi. Aache kufunga.

"Nilijua ulipopika mawe," akasema. "Nilikuwa nangoja uniambie."

"Basi mbona unaendelea kufunga?"

"Kwa sababu ya Khageswar," akasema.

30 Septemba. Jua.

Nimekabidhi funguo za kota. Kazini wamenipa shada, saa ya ukutani na hotuba. Mkubwa alisema jaa halitapata tena mtu anayejua mavi kama Behera. Wakapiga makofi. Sushanti hakupiga, alikuwa anatazama viatu vyake. Baadaye alinifuata langoni akaniambia ameandika agizo: hakuna lundo litakalotoka bila kupimwa, hata liwe na mvua kumi. Nikamwambia amefanya vizuri. Nilitaka kumwambia zaidi, lakini gari la vyombo lilikuwa linangoja.

4 Oktoba. Jua, anga safi.

Tunaishi jikoni, ndiko kulikoinuka kidogo. Kitanda nimekitia matofali miguu miwili kikae sawa. Saa ya ukutani haina ukuta wa kutundikwa, nimeilaza juu ya sanduku. Mlango wa mbele haufungi, nimeufunga kwa kamba. Barua ya mdogo wangu wa kijijini imefika, anasema kwao wamejaa.

Majirani wote wanaanika magodoro. Kuntala ametoka nje, ameangalia anga, akarudi amechangamka kidogo, mara ya kwanza tangu Julai. Ameweka kiganja chake juu ya sakafu.

"Mvua imekwisha," akasema. "Sasa itatulia, eti?"

Miaka thelathini na nne nimewaambia wakandarasi, madereva, wahandisi, kila aliyekuja na lori. Mvua tatu. Alikuwa ananitazama na mkono wake bado uko pale chini.

"Itatulia," nikamwambia.

Mvua hii ilikuwa ya kwanza.